LAM: kusubiri, dawa au kisu? Ulinganisho wa njia zilizo mbele ya mwanamke mgonjwa

Mdogo wangu alimeza dawa za TB miezi sita mizima, TB ambayo makohozi yake hayakuwahi kuionyesha hata mara moja. Pafu lake la kulia lilikuwa limeshapasuka mara mbili. Mara zote mbili aliwekewa bomba kifuani, hewa ikatoka, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Uvimbe kwenye figo uligunduliwa kliniki nyingine kabisa, na daktari aliyekuwa akitafuta sababu ya maumivu ya ubavuni. Mambo haya mawili hayakukutana kwenye faili moja mpaka daktari bingwa wa kifua alipoishika picha ya CT, akaona mapafu yote mawili yamejaa vifuko vya hewa vya mviringo vyenye kuta nyembamba, juu hadi chini, akamuuliza: "Mama, figo zako zimewahi kupimwa?"

Naandika kwa ajili ya mwanamke aliye pale alipokuwa mdogo wangu siku ile. Jina la ugonjwa, LAM, umeshapewa, au linakaribia kutajwa, na sasa kila kliniki inakuwekea fomu ya kusaini. Watu wa kifua wana pendekezo lao, watu wa figo wana lao, na kliniki ya akina mama ina vidonge vyake. Mimi si daktari. Ni dada wa mgonjwa aliyekaa kwenye mabenchi hayo miaka kadhaa, akasoma, akauliza, akaandika. Ninachotaka kukushawishi ni kwamba LAM ni ugonjwa mmoja uliokaa sehemu nyingi. Kila unapopewa chaguo la kiungo kimoja, uliza litafanya nini kwa viungo vingine. Swali hilo limebadilisha karibu kila uamuzi tulioufanya.

Kwanza, kinachotokea mwilini

LAM ni kifupi cha limfanjioleiomiomatosisi. Seli zinazofanana na za misuli laini hupata hitilafu kwenye jeni ya TSC2, mara chache TSC1, na hitilafu hiyo huondoa breki ya mtambo wa ukuaji wa seli unaoitwa mTOR. Seli zisizo na breki huongezeka, husafiri kwa njia za limfu na damu, na zikifika mapafuni hula nyama ya pafu taratibu na kuacha vifuko vitupu. Figo hupata anjiomiolipoma, uvimbe uliochanganyika mafuta, misuli na mishipa ya damu dhaifu. Tumboni na kwenye nyonga, njia za limfu huvimba na kujaa majimaji. Wengine huona tumbo limejaa jioni na kupungua asubuhi, kwa kuwa vivimbe hivyo vya limfu hukua kadiri unavyosimama mchana kutwa.

Wapo wanaoupata peke yake, na wapo wanaoupata kama sehemu ya ugonjwa wa kurithi wa tuberasi sklerosisi, wenye alama za ngozi na mara nyingi kifafa. Katika kundi la kwanza takriban mwanamke 1 kati ya 3 ana uvimbe wa figo. Katika kundi la pili ni walio wengi. Makadirio ya miaka mingi yamekuwa wanawake 3 hadi 8 katika kila milioni, basi usimlaumu sana daktari wa wilaya aliyeanza na TB au pumu. Mlaumu aliyeendelea nayo wakati pafu lilishapasuka mara ya pili.

Na kabla hujasoma zaidi: sajili ya wagonjwa ya Marekani inaonyesha kuwa nusu ya wanawake wenye LAM huishi na mapafu yao wenyewe takriban miaka 29 tangu dalili za kwanza. Kuna muda wa kufikiri. Usikubali kuharakishwa, isipokuwa pale ambapo damu inavuja au pafu limepasuka.

Kuthibitisha: kipimo cha damu au kukata kinyama?

Hapa ndipo watu wengi hupelekwa chumba cha upasuaji bila sababu.

Picha ya CT peke yake, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haitoshi kuwa uthibitisho. Magonjwa mengine huacha vifuko mapafuni: uvutaji wa sigara wa muda mrefu, aina fulani ya nimonia ya wenye VVU, ugonjwa wa kurithi uitwao Birt-Hogg-Dubé. Lakini picha ya kawaida ya LAM ikiambatana na kitu kimoja tu kingine, jambo limekwisha: anjiomiolipoma kwenye figo, au tuberasi sklerosisi, au majimaji meupe kama maziwa kifuani au tumboni, au uvimbe wa limfu. Mwongozo wa vyama vya madaktari wa kifua vya Marekani na Japani unasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo ultrasaundi ya figo, kipimo kinachopatikana hata hospitali ya mkoa, kinaweza kukuokoa na kisu cha kifuani. Mdogo wangu alithibitishwa namna hiyo. Ushahidi ulikuwa kwenye faili la kliniki nyingine muda wote.

Usipokuwa na lolote kati ya hayo, kinachofuata ni kipimo cha damu cha VEGF-D, protini inayopanda kwa wenye LAM. Ikifika 800 kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita, pamoja na picha ya CT inayolingana, huhitaji kukatwa. Kinapimwa na maabara chache duniani, ya Cincinnati Children's huko Marekani ikiwa ndiyo inayotajwa zaidi, hivyo kwetu maana yake ni kusafirisha sampuli na kusubiri. Udhaifu wake uujue: wagonjwa takriban 7 kati ya 10 ndio wanaofikia kiwango hicho. Majibu ya chini hayasemi kwamba huna LAM.

Kukata kinyama cha pafu kunatoa jibu la uhakika, lakini kunahitaji usingizi wa dawa, siku za wodini, na pafu lililokwisha kudhoofika linaongezewa jeraha. Ningekubali kwa sharti moja: kwamba jibu litabadilisha matibabu. Ikiwa unapumua vizuri na daktari anasema hata likithibitishwa tutakuangalia tu, basi mwangaliane tu.

Pafu likipasuka: bomba peke yake au kuligandisha?

Hili ndilo ambalo ningelirudisha nyuma kama ningeweza.

Zaidi ya nusu ya wenye LAM hupata pafu kupasuka: kifuko kimoja kinatoboka, hewa inaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu linasinyaa. Maumivu makali ya upande mmoja, pumzi inakatika. Kwa kijana mwenye afya, bomba la kifua linatosha, na ndivyo wodi nyingi zilivyozoea: tuone kama litarudi, likirudi tutafikiria zaidi. Kwa LAM mazoea hayo hayafai. Katika takwimu za wagonjwa wa Marekani waliofuatiliwa na The LAM Foundation, shirika la wagonjwa wa LAM, waliotibiwa kwa bomba au kwa kusubiri tu walirudiwa takriban theluthi mbili. Waliogandishwa pafu, kwa dawa au kwa upasuaji, walirudiwa takriban theluthi moja au chini. Mgonjwa aliyewahi kupasuka pafu alipasuka kwa wastani zaidi ya mara 4 maishani.

Kugandisha pafu, plurodesisi, ni kulifanya lishikane na ukuta wa kifua ili lisiwe na nafasi ya kusinyaa. Hufanywa kwa kuingiza dawa au unga wa talki kupitia bomba, au kwa kamera na vyombo vidogo. Mwongozo wa LAM unashauri kufanya hivyo mara ya kwanza kabisa pafu linapopasuka, bila kusubiri ya pili. Inauma. Mdogo wangu alilia usiku kucha baada ya talki, na mimi nilikuwa kitini pembeni. Lakini upande ule haujapasuka tena.

Pingamizi utakalolisikia ni kwamba mwenye pafu lililogandishwa hawezi kupandikizwa jipya baadaye. Lilikuwa na nguvu zamani. Leo vituo vya upandikizaji vinawapokea wagonjwa hao, ingawa upasuaji wao huwa mgumu zaidi na huvuja damu zaidi. Kwa hiyo pima hivi: hatari ya hakika ya leo dhidi ya usumbufu wa upasuaji ambao wengi hawatauhitaji kamwe.

Uvimbe wa figo: kuziba mshipa, dawa au kutoa figo?

Anjiomiolipoma si saratani katika hali yake ya kawaida. Hatari yake ni damu. Mishipa yake haina ukuta imara, huvimba kama mpira, na ikipasuka unavuja damu ndani kwa ndani nyuma ya tumbo. Dalili ni maumivu ya ghafla ubavuni, kizunguzungu, mkojo mwekundu. Hiyo ni dharura, na wote nyumbani waijue.

Ikiwa inavuja sasa hivi, hakuna ulinganisho: mshipa uzibwe kupitia mrija mwembamba unaoingizwa kwenye paja, embolaizesheni. Figo inabaki, damu inasimama. Homa na maumivu ya siku kadhaa baada yake ni ya kawaida, na madaktari hutoa dawa za steroidi kuyapunguza. Tatizo ni kwamba inahitaji mtaalamu wa radiolojia mwenye ujuzi huo, ambao kwetu wako hospitali kubwa chache. Uliza mapema, ukiwa mzima, ni ipi iliyo karibu nawe.

Ikiwa haivuji, mambo ni mengine. Wengi hutumia mpaka wa sentimeta 4, au mshipa uliovimba kufikia milimeta 5, kama alama ya kuchukua hatua. Kwa mwenye tuberasi sklerosisi, uvimbe unaokua ukipita sentimeta 3 hushauriwa kuanza dawa kwanza. Dawa hiyo, sirolimusi au ndugu yake everolimusi, inaushusha uvimbe wenyewe. Katika utafiti wa EXIST-2 uliochapishwa mwaka 2013, kati ya wagonjwa 118, asilimia 42 ya waliopewa everolimusi uvimbe wao ulipungua nusu au zaidi. Katika waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa hakuna hata mmoja.

Hapa ndipo swali langu linapofanya kazi. Kuziba mshipa kunatibu figo tu. Dawa inatibu figo, inapunguza vivimbe vya limfu tumboni, na inalinda mapafu. Mwanamke ambaye mapafu yake nayo yanashuka, kwa nini aanze na mrija wa pajani? Kwa upande mwingine, yule ambaye mapafu yake ni mazima na ana uvimbe mmoja mkubwa, kuzibwa mara moja kunaweza kumwepusha na kidonge cha kila siku cha miaka.

Kutoa figo nzima iwe ya mwisho kabisa. LAM inaweza kuota figo zote mbili, na utakayoibakiza utaihitaji. Wapo wanawake waliotolewa figo kwa kudhaniwa ni saratani kwa sababu uvimbe ulikuwa na mafuta machache na picha ikachanganya. Ukiambiwa neno saratani ya figo na una vifuko mapafuni, omba picha isomwe tena na mtu anayejua LAM kabla ya kusaini.

Mapafu: kusubiri au kuanza sirolimusi?

Dawa hii ina asili ambayo huwa nampa mdogo wangu kama hadithi ya usiku. Mwaka 1964 madaktari wa Kanada walifika kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Pasifiki, wakachukua udongo. Ndani yake kukapatikana bakteria anayetengeneza kemikali, na Suren Sehgal na wenzake huko Montreal wakaitoa na kuiita rapamisini kwa jina la kisiwa; ndiyo sirolimusi. Ilianza kutumika kulinda figo zilizopandikizwa. Baadaye ikajulikana kwamba inakaba mtambo uleule wa mTOR ambao katika LAM umekosa breki.

Jaribio la MILES lilichapishwa mwaka 2011, wanawake 89 wa Marekani, Kanada na Japani. Waliomeza kidonge kitupu walipoteza takriban mililita 12 kila mwezi za hewa wanayoweza kupuliza katika sekunde moja. Waliomeza sirolimusi hawakupoteza. Dawa ilipositishwa baada ya mwaka, kushuka kukaanza tena. Marekani iliidhinisha sirolimusi kwa LAM mwezi Mei 2015.

Kwa hiyo dawa hii inazuia, haiponyi. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi, na ukiacha, ugonjwa unaendelea pale ulipoishia. Figo ni hivyo hivyo: katika utafiti wa mwaka 2008 uvimbe ulishuka hadi karibu nusu ya ujazo wake kwa mwaka mmoja wa dawa, kisha mwaka mmoja bila dawa ukapanda tena hadi asilimia 86 ya ulivyokuwa. Anayekuuzia sirolimusi kama dozi ya kumaliza hajaielewa.

Nani aanze, basi? Mwenye kipimo cha kupuliza kilichoshuka chini ya asilimia 70 ya kinachotarajiwa, au kinachoshuka haraka hata kama bado kiko juu, na mwenye majimaji meupe yanayojirudia kifuani au tumboni. Kwa huyu wa mwisho nasisitiza, maana wengi hutobolewa na kunyonywa majimaji tena na tena, wakipoteza mafuta na protini kila mara, wakati dawa inaweza kuyakausha. Nani asubiri? Ambaye vipimo vyake havitikisiki, hasa aliyekwisha koma hedhi. Katika MILES, wasiopata dawa waliokuwa bado wanapata hedhi walipoteza takriban mililita 17 kwa mwezi, waliokoma hedhi 3 tu. Ila kusubiri maana yake ni kupuliza mashine kila baada ya miezi michache na kuandika namba. Mdogo wangu alisubiri mwaka mmoja hivyo. Namba ziliposhuka mara tatu mfululizo, hatukuhitaji kubishana.

Maudhi ya dawa yapo: vidonda vya mdomo kwanza kabisa, chunusi, kuharisha, lehemu kupanda, miguu kuvimba, hedhi kuvurugika, vidonda kuchelewa kupona. Wengi huyazoea au hupunguziwa dozi. Kiwango cha dawa kwenye damu lazima kipimwe, na hapo hospitali zenye kliniki ya waliopandikizwa figo ndizo za kuuliza kwanza, kwa kuwa wao wanaifahamu dawa hii tayari.

Kuna mambo mawili ambayo ni yetu hasa. La kwanza ni TB. Sirolimusi inapunguza kinga, hivyo hakikisha umepimwa TB kabla ya kidonge cha kwanza. Na ukipata TB ukiwa juu yake, rifampisini huishusha sirolimusi mwilini kwa kiasi kikubwa mno, kama vile humezi. Kliniki ya TB na kliniki ya kifua ziongee. Dawa kadhaa za VVU na za fangasi nazo huipandisha au kuishusha, kwa hiyo taja kila unachomeza. Na acha balungi.

La pili ni uzazi. LAM huchochewa na estrojeni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni si vyako. Uliza kuhusu kitanzi cha shaba. Ukiwa kwenye sirolimusi usibebe mimba, na ukiamua kuiacha ili uzae, subiri wiki 12. Mimba yenyewe inaweza kuongeza kupasuka kwa pafu na kuvuja kwa uvimbe wa figo. Uamuzi wa kuzaa ni wako na mwenzio, si wa daktari, lakini ufanyike baada ya picha ya figo na kipimo cha pumzi, siyo kabla.

Sindano za kuzuia estrojeni na kutoa ovari, viungo vinavyotengeneza mayai ya uzazi, vilijaribiwa sana zamani. Mwongozo hauvishauri kama tiba ya LAM. Doksisaiklini nayo haikusaidia. Ukiandikiwa kimojawapo, muulize daktari anategemea nini.

Sirolimusi au everolimusi?

Kwa mapafu ushahidi mkubwa uko upande wa sirolimusi. Kwa figo za wenye tuberasi sklerosisi uko upande wa everolimusi. Ni ndugu wa damu, wanafanya kazi ileile na kuudhi kwa namna moja. Ikiwa moja inapatikana karibu nawe kwa mfululizo bila kukatika na nyingine ni ya kuagiza, chukua inayopatikana.

Kupandikiza mapafu

Hili ni la mwisho, kwa mwenye kuhitaji oksijeni hata akiwa amekaa. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ni safari ya Afrika Kusini, India au mbali zaidi, na gharama ambazo familia chache zinaweza. Matokeo kwa wenye LAM hayako nyuma ya wagonjwa wengine wa mapafu. Mara chache seli za LAM huhamia hata kwenye pafu jipya, zikitoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Kitu kimoja cha kuuliza mapema: sirolimusi huzuia mshono wa njia ya hewa kupona, na ikitumika mara baada ya kupandikizwa mshono unaweza kuachia. Waambie kituo unameza nini tangu siku ya kwanza, wakupangie lini uiache au ubadilishiwe.

Kwa sasa mdogo wangu ana daftari moja. Ukurasa wa kushoto ni namba za kupuliza, wa kulia ni vipimo vya uvimbe wa figo kwa sentimeta, chini kiwango cha dawa kwenye damu. Analipeleka kliniki zote tatu, na analifungua mezani kabla hajaulizwa.